Mvukuto umechoka: kutafuta chanzo pale mgonjwa wa misuli anapokosa pumzi

Mdogo wangu ana Duchenne, ule ugonjwa wa misuli kunyauka unaowashika zaidi watoto wa kiume. Aliacha kutembea akiwa darasa la tano. Sasa ana miaka 21, anashinda barazani kwetu Mikindani, Mtwara, kwenye kiti chake cha magurudumu, akibishana mpira na kila bodaboda anayesimama kununua maji. Watu wanajua kwetu kuna mashine ya kupumulia, kwa hiyo simu zinaingia: Newala, Nachingwea, mara moja hata Kilwa. Zote zinaanza vilevile. "Dada, anapumua vibaya. Tumtafutie oksijeni?"

Mimi hujibu kwa maswali, na maswali hayo ndiyo nimeyaandika hapa. Mengine tulifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, mengine tuliyajua baada ya kuumia. Mimi si daktari. Aliyempima mgonjwa wako akisema tofauti, mfuate yeye.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya yote. Mapafu hayajivuti yenyewe. Fikiria mvukuto wa mhunzi: mfuko wa ngozi, na mkono unaouinua na kuukandamiza. Mkono huo, kwa mwanadamu, ni kiwambo, yaani msuli mpana uliotandazwa kati ya kifua na tumbo, ukisaidiwa na misuli ya katikati ya mbavu. Mwenye pumu au kichomi ana kasoro kwenye mfuko. Mwenye Duchenne, SMA, ALS, mayastenia au Guillain-Barré, yote magonjwa yanayodhoofisha misuli au neva zinazoiendesha, anaweza kuwa na mfuko mzima kabisa, ila mkono ndio umechoka. Ukikosea hapo utampulizia dawa ya pumu mtu asiye na pumu, na utamwekea oksijeni mtu ambaye shida yake ni kutoa hewa chafu.

Kama sasa hivi mgonjwa hawezi kumaliza sentensi fupi bila kukatisha, midomo imegeuka rangi ya kijivu, ametokwa jasho huku akitumia shingo kuvuta pumzi, au amelala usingizi ambao hata ukimtikisa haamki vizuri, acha kusoma. Tafuta gari. Ukiwa na mashine yake, ibebe.

Anaamka na kichwa kinamuuma

Hii ndiyo dalili tuliyoipuuza kwa karibu mwaka mzima. Kila asubuhi kichwa, kila mara tukaenda kupima malaria, kipimo kikatoka safi, akapewa paracetamol tukarudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza kichwa kinaacha saa ngapi. Kilikuwa kinaacha chenyewe kufika saa tatu, akishakaa kwenye kiti kwa muda. Malaria haina ratiba ya hivyo.

Kinachotokea ni hiki. Mtu akilala, pumzi hupungua hata kwa mzima. Akiingia usingizi wa ndoto, misuli karibu yote ya mwili hulegea na kazi ya kupumua inabaki kwa kiwambo peke yake. Kiwambo kikiwa dhaifu, hewa inayoingia na kutoka ni kidogo, na hewa ya ukaa inajikusanya kwenye damu. Hewa hiyo hutanua mishipa ya damu ya kichwani, ndipo kichwa kinauma. Akiamka na kukaa wima anaanza kuipumua nje, kichwa kinapoa.

Kichwa huwa hakiji peke yake. Uliza pia: anaita mara ngapi usiku ageuzwe? Kwetu ilifika mara saba, nane, na mama akawa anasema ni kudeka. Asubuhi anakula? Mdogo wangu alianza kusukuma uji pembeni, akakonda. Mchana anasinzia watu wakizungumza? Amekuwa na hasira, au masomo yameporomoka? Hayo yote ni ya ugonjwa mmoja.

Halafu kuna jinamizi. Alikuwa anashtuka usiku akisema kuna kitu kimemkalia kifuani. Bibi yetu hakuwa na shaka ni nini, na kombe likaandikwa akanywa. Simkejeli bibi. Alichokisikia kilikuwa kweli: mtoto alikuwa anakosa hewa, na mwili ulikuwa unamwamsha ili avute. Ila kilichomkalia kifuani kilikuwa matumbo yake mwenyewe. Ukilala chali, viungo vya tumboni husukuma kiwambo kwenda juu, na kiwambo dhaifu hakina nguvu ya kuvirudisha.

Hilo unaweza kulikagua kwa macho. Mlaze chali dakika chache, weka mkono mmoja kifuani kwake na mwingine tumboni. Kwa mzima, akivuta pumzi tumbo linapanda pamoja na kifua. Ukiona kifua kinapanda huku tumbo likizama ndani, kiwambo kimechoka. Akikataa kabisa kulazwa chali, au akitaka mito mitatu, minne, hilo nalo ni jibu.

Cha kufanya: usiku huohuo mwinue kichwa na kifua, ila ujue hiyo ni subira tu. Omba apimwe kiasi cha hewa anachoweza kutoa kwa pumzi moja ya nguvu, akiwa amekaa na akiwa amelala. Kiasi hicho kikiwa chini ya nusu ya kile kinachotarajiwa kwa mtu wa umri na urefu wake, au hewa ya ukaa mchana ikizidi 45 (mmHg) kwenye kipimo cha damu, au oksijeni usiku ikishuka hadi asilimia 88 au chini yake na kukaa hapo dakika tano mfululizo, wakati wa kupumulishwa na mashine usiku umefika. Dalili zikiwepo, usikubali kuambiwa usubiri namba zote zitimie.

Kipimo cha kidole kinasoma vizuri, lakini yeye haonekani vizuri

Hapa niwasimulie, maana nusura tumpoteze.

Alikuwa na mafua yaliyoshuka kifuani. Tukampeleka kituo kimoja cha afya usiku, kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kikasoma asilimia 89. Wakamwekea oksijeni ya mtungi kwa mirija ya puani. Dakika chache tu, 98. Kila mtu akashusha pumzi, mimi wa kwanza. Akalala. Nikasema afadhali, siku tatu hajalala. Kama saa kumi alfajiri nikamwita ili nimgeuze, hakuitika. Nikamfinya sikio, akafungua jicho nusu akalifunga. Uso umemwiva, mkono wa moto, umelowa jasho, na kile kipimo kidoleni bado kinasoma 97.

Kipimo cha kidole kinapima oksijeni tu. Hewa ya ukaa hakiioni. Unapomwekea oksijeni mtu ambaye hapumui vya kutosha, unafuta onyo pekee ulilokuwa nalo: namba inapanda, huku hewa chafu inazidi kurundikana mpaka inamlevya. Na kwa aliyeishi muda mrefu na hewa hiyo nyingi, oksijeni inaweza hata kumpunguzia msukumo wa kupumua. Usingizi ule niliousifu ulikuwa ulevi wa hewa ya ukaa.

Muuguzi wa zamu, Mungu ambariki, alichukua mfuko wa kufufulia akaanza kumpumulisha kwa mkono. Baada ya kama robo saa akafungua macho akauliza mechi imeishaje.

Kwa hiyo, oksijeni si adui. Akiwa na kichomi na namba ziko chini kweli, ataihitaji. Lakini ipewe pamoja na kitu kinachomsaidia kupumua, iwe mashine au mfuko, kwa kiasi kinachotosha tu, na hewa ya ukaa ifuatiliwe. Kabla hawajafungua mtungi, waambie kwa sauti ya heshima: "Huyu ana udhaifu wa misuli ya kupumua. Naomba asaidiwe kupumua, siyo oksijeni peke yake." Nimeikariri sentensi hii kama shahada.

Na kipimo chenyewe kinadanganyika. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli. Kidole cha baridi kinakisumbua, rangi ya kucha pia. Huku kwetu kuna piko: dada mmoja mwenye mayastenia alikuja kutoka harusini, vidole vyeusi hadi kwenye kiungo, namba zikaruka ruka tukahangaika bure mpaka tukajaribu dole gumba la mguu.

Nyumbani, bila oksijeni, namba yetu ya kuangalia ni 95. Ikishuka chini ya hapo tunauliza mambo matatu: makohozi yameziba? Hewa inaingia kidogo, anahitaji mashine hata mchana? Au pafu lenyewe limeshashikwa? Tunaanza na makohozi, kwa sababu hayo tunayaweza.

Anakohoa kutwa, hakitoki kitu

Mafua ya kawaida hayaui mtu. Kinachoua ni makohozi ya mafua kwa mtu asiyeweza kukohoa. Kikohozi cha kweli kina hatua tatu: unavuta pumzi nyingi, unafunga koo, kisha unafyatua. Mgonjwa wa misuli anaweza kuwa amepoteza yote matatu. Anasikika "khe, khe", kama mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba.

Nguvu ya kikohozi inapimika kwa kifaa kidogo cha plastiki, kilekile wanachopulizia watu wa pumu. Unakohoa ndani yake badala ya kupuliza. Kwa kijana na mtu mzima, ikiwa chini ya lita 270 kwa dakika, anza kufundishwa kusaidia kikohozi hata kama leo hana mafua, kwa kuwa akiumwa itashuka zaidi. Chini ya 160, kikohozi chake peke yake hakitoi kitu.

Sisi tunafanya hivi. Namkalisha wima, shingo imeegemea. Natumia mfuko wa kupumulisha kwa mkono ulioongezewa vali ya njia moja, ambayo inaruhusu hewa kuingia bila kurudi. Nabana mfuko anapovuta. Anaishikilia. Nabana tena juu ya ile ya kwanza. Anaishikilia. Ya tatu, wakati mwingine ya nne, mpaka mabega yanapanda na ananikonyeza kwamba amejaa. Naondoa barakoa, nahesabu, na kwenye "tatu" anakohoa huku kiganja changu, kilichokaa kati ya kitovu na mbavu, kikisukuma ndani na juu kwa mara moja. Sauti inabadilika papo hapo. Inatoka ile "kho!" ya mtu mzima, na kohozi linafika mdomoni. Mwanzoni nilikuwa nachelewa, nasukuma akiwa ameshamaliza, anabaki ananicheka. Ilinichukua kama wiki mbili kushika mwendo.

Siku za kawaida tunafanya asubuhi na jioni kabla ya kula, hata kama hana makohozi, maana kujaza kifua kunazuia mbavu zisikakamae. Akiwa na mafua ni kila anapohitaji, usiku na mchana, mpaka namba irudi 95. Usifanye akiwa ametoka kula. Usifanye bila kumuuliza daktari kama aliwahi kuvujisha hewa nje ya pafu au anakohoa damu. Zipo mashine zinazofanya kazi hii zenyewe, zinajaza kifua kisha zinanyonya ghafla. Kama hospitali unayokwenda inayo, omba itumike kabla ya kufikiria mpira wa kunyonyea kooni.

Onyo ambalo sijaliona likisisitizwa vya kutosha: mfuko wenye vali ya njia moja usitumike kumfufua mtu. Hewa haitoki, utampasua mapafu. Nyumbani tuna mifuko miwili, na ule wenye vali nimeufunga kipande cha kanga nyekundu ili hata mtoto wa jirani akitumwa gizani asibebe mwingine.

Sasa vyanzo vya makohozi yenyewe. Mafua ya watoto wa shule, bila shaka. Moshi: hamisha jiko la kuni mbali na dirisha lake, hili halihitaji fedha. Na salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Anayeishi Tandahimba, Newala, Ruangwa, popote penye mikorosho, anajua miezi ya kuipulizia dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, maua yanapotoka kati ya Juni na Septemba. Mashine za mgongoni zinaanza alfajiri upepo ukiwa umetulia, na lile vumbi la njano linakaa hewani kama ukungu. Macho yanawasha, koo linakereketa. Mzima anakohoa na kuendelea na shamba. Mgonjwa wako hawezi. Muulize jirani anapulizia lini, na siku hiyo mhamishe mgonjwa au ufunge madirisha ya upande ule na kuning'iniza shuka lililoloweshwa. Majirani wetu siku hizi wanatuma ujumbe wenyewe jioni iliyotangulia.

Dawa za kikohozi za maji zinazokausha au kuzuia kukohoa, achana nazo. Na zile za kulainisha makohozi zina mtego: yanakuwa mepesi na mengi, lakini mkono wa kuyatoa bado ni uleule dhaifu. Unamzamisha. Chanjo ya homa ya mafua na ya nimonia, akiweza kuzipata, ni bora kuliko chupa zote za duka la dawa.

Anapaliwa akila

Fupi, kwa sababu wengi mnalijua. Kinachompalia zaidi si tonge, ni maji, chai na madafu, vitu vyepesi vinavyokimbia kabla koo halijajifunga. Mkalishe wima kabisa, kidevu kiinamie kifuani anapomeza, funda dogo, na asizungumzishwe. Uji mzito unamezeka kuliko uji mwepesi. Mwenye mayastenia hudhoofu kadiri siku inavyosonga, basi chakula kikubwa kiwe mchana, na anywe dawa yake ya misuli nusu saa hadi saa moja kabla ya kula.

Kupaliwa kwa kimya ni kubaya zaidi. Hakohoi, lakini baada ya kunywa sauti inakuwa ya majimaji, kama anaongea akiwa na maji kooni, au anapata homa za kifua zinazorudi rudi upande uleule. Hapo omba ushauri wa kulishwa kwa mpira. Sisi bado hatujafika huko na natamani tusifike, lakini nimeona mtoto wa Masasi akinenepa baada ya kuwekewa.

Mashine ipo, lakini asubuhi hali ni ileile

Angalia kwanza ni mashine gani. Kuna inayosukuma hewa kwa nguvu moja muda wote. Hiyo ni ya watu ambao koo linajifunga usingizini, wanaokoroma. Mgonjwa wa misuli anahitaji ya ngazi mbili: inasukuma kwa nguvu anapovuta, inapunguza anapotoa, na imewekewa idadi ya pumzi kwa dakika ili akisahau kuvuta imvutie. Kwa nje zinafanana, hasa za mtumba. Familia moja ya Lindi ilitumia ile ya kwanza miezi minne wakidhani ugonjwa umeshindikana.

Pili, matundu. Barakoa nyingi za nyumbani zina vitundu vidogo mbele, au kwenye kiungo cha mpira, ambavyo vinatoa hewa muda wote kwa sauti ya "sss". Hayo si mavujo. Ndiyo njia ya kutolea hewa ya ukaa. Mama yangu, mtu wa usafi na utaratibu, alisikia ile "sss" siku ya tatu, akachukua plasta akaviziba vyote kimoja kimoja, vizuri sana, hata kona za plasta alizikunja. Asubuhi kichwa kilimuuma mdogo wangu kuliko siku ambazo hakuwa na mashine. Alikuwa anavuta tena hewa aliyoitoa. Niligundua nilipokuwa naosha barakoa, kidole kikapita juu ya kitu laini. Mama alilia. Nikamwambia mtengenezaji ndiye wa kulaumiwa. Angalau angeandika "usizibe" kwa Kiswahili.

Mavujo halisi ni yale ya pembeni: hewa inapiga machoni, macho mekundu asubuhi. Kosa la kwanza la kila mtu ni kukaza mikanda. Ukikaza, barakoa inajikunja na kuvuja zaidi, na mfupa wa pua unachubuka. Legeza yote, washa mashine, inua barakoa kidogo usoni ikae upya, kisha kaza taratibu pande zote sawa. Pua ikianza kuwa nyekundu weka kitambaa laini au badilisha aina ya barakoa leo, kabla ya kidonda, maana kidonda kitamfanya aikatae kabisa. Barakoa ya pua ikivujia mdomoni, koo litakauka. Jaribu inayofunika pua na mdomo, ila kwa mtu asiyeweza kuivua mwenyewe lazima awepo wa kumsikia akitaka kutapika. Kengele ya mezani au simu inayopokea sauti ni sehemu ya tiba.

Tumbo likijaa upepo, hewa inakwenda tumboni badala ya mapafuni. Mwinue kidogo, asile muda mfupi kabla ya kulala, na umwambie mtaalamu apitie upya nguvu ya mashine. Usiipunguze wewe mwenyewe.

Halafu kichujio. Vumbi na chumvi ya pwani vinakiziba upesi. Mashine ikianza kuunguruma, fungua nyuma uangalie. Chetu mara ya kwanza kilikuwa na rangi ya udongo wa barabara ya Naliendele. Weka akiba ya vichujio na mpira. Mei 2024, mafuriko na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, mpira wetu wa akiba ndio uliotuokoa, kwa sababu mzigo ulikuwa kwenye basi lililokwama.

Umeme umekatika saa nane usiku

Mkoa wenye gesi ya Mnazi Bay, na bado tunalala na tochi. Tuachie hapo.

Hesabu yetu ni hii. Zima kwanza kile kipasha joto cha maji cha mashine. Kinakula umeme mwingi kuliko mashine yenyewe. Mashine bila kipasha joto tuichukulie inatumia wati 50. Betri ya sola ya 12V yenye 100Ah ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza yote unaiua, kwa hiyo hesabu nusu, 600. Kibadilisha umeme kitakula sehemu yake, zibaki kama 500. Gawa kwa 50: saa kumi. Usiku mmoja. Betri iliyochoka haitafika huko, basi ijaribuni mchana mkiwa macho, siyo usiku wa kwanza wa giza.

Betri ikiisha, ni mfuko wa kufufulia, ule usio na kanga. Bana taratibu, kama mara 12 hadi 15 kwa dakika, ukitazama kifua kipande na kushuka. Mnapokezana. Inawezekana: mwaka 1952 mjini Copenhagen, polio ilipoangusha watu wengi kuliko mashine zilizokuwepo, daktari Bjørn Ibsen alipanga wanafunzi wa udaktari wakawapumulisha wagonjwa kwa mkono, zamu kwa zamu, usiku na mchana kwa majuma. Mfuko wa Ambu, yaani huu wa kufufulia unaoujua leo, ulitokea hukohuko Denmark miaka minne baadaye. Sisi tumewahi kufanya saa mbili na nusu, mimi, mama na kijana wa jirani, na vidole viliniuma siku mbili.

Imeanza juzi, na inapanda

Yote ya juu ni ya ugonjwa unaotembea polepole. Mtu aliyekuwa mzima wiki iliyopita, miguu ikaanza kufa ganzi na kulegea, leo mikono, labda baada ya kuharisha au mafua, anaweza kuwa na Guillain-Barré. Mwenye mayastenia ambaye kope zimeanguka zaidi, sauti imekuwa ya puani na hawezi kushikilia kichwa, anaingia kwenye hatari. Kwa hawa usisubiri kipimo cha kidole kishuke. Kikishuka umeshachelewa.

Tumia hesabu ya pumzi moja. Avute pumzi kadiri awezavyo, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta tena, namba mbili kwa sekunde. Mtu mzima mwenye afya hufika karibu 50; chini ya 20 ni hatari. Namba zetu ni ndefu, "thelathini na saba" inakula pumzi nyingi, kwa hiyo tunahesabu moja hadi kumi na kurudia moja, tukikunja kidole kila duru. Rudia kila baada ya saa mbili, tatu, uandike. Inayoporomoka kati ya asubuhi na mchana inataka hospitali yenye mashine za kupumulia na chumba cha uangalizi maalumu, siyo zahanati. Piga simu kabla ya kuondoka uulize kama mashine ipo na kitanda kipo, iwe unaelekea Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara au kwingine.

Na ubebe karatasi. Ya kwetu iko kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya kiti cha magurudumu, herufi kubwa: jina la ugonjwa, mipangilio ya mashine, "asipewe oksijeni bila kusaidiwa kupumua", "asipewe dawa za usingizi bila mtu wa kulinda pumzi", na kwa sababu ni Duchenne, "akifanyiwa upasuaji asipewe suxamethonium (dawa ya kulegeza misuli) wala gesi za kuvuta za usingizi" na "anatumia steroidi, zisikatishwe ghafla". Karatasi ya yule dada wa mayastenia ina orodha nyingine, na huku kwenye malaria ni ya kufa na kupona: kwinini, gentamicin, ciprofloxacin, azithromycin, sindano ya magnesiamu, zote zinaweza kumzidishia udhaifu mpaka pumzi ikate. Ameiandika mara tatu: moja pochini, moja kwa mume, moja ameibandika ndani ya kava la simu, upande unaoonekana.